Lukemia imeshuka yenyewe, sifa anapewa nani?

Mwezi wa pili iliingia voisi kwenye grupu la familia, ya mama mdogo, dakika nne na ushee, analia huku anacheka, kwamba mjomba wetu aliyeko Leicester damu yake imeshuka. Kushuka hapa maana yake seli nyeupe. Alikuwa na WBC elfu 41, sasa hivi elfu 19, na hajameza kidonge hata kimoja cha hospitali, hajapigwa kemo, hajalazwa hata usiku mmoja. Ila (mama mdogo akavuta pumzi hapo) ila amekuwa akinywa habat soda na asali kila asubuhi toka mwaka juzi, alhamdulillah. Ndani ya saa moja voisi imeshafika Tanga, Mombasa na Muscat, na jioni nikatumiwa mimi mwenyewe kutoka grupu lingine kabisa, la watu niliosoma nao, na aliyenitumia wala hajui kama anayeongelewa ni mjomba wangu, juu yake wameandika kwa herufi kubwa KANSA YA DAMU INAPONA.

Mi sibishi kwamba imeshuka. Karatasi nimeiona, mjomba kanipigia picha, namba ziko pale. Wala sio wa kwanza duniani, jambo hili lipo na madaktari wameliandika miaka mingi, kwamba lukemia sugu ya limfosaiti, ile wanayoiita CLL, mara mojamoja inarudi nyuma yenyewe bila mtu kuigusa. Ninachobishia ni kile kinachokuja baada ya "imeshuka", pale tunapoanza kugawana sifa, maana sisi kitu kikitokea lazima apatikane aliyekifanya, na aliyesimama karibu na tukio ndo anabebeshwa.

CLL ni kansa ya seli B, yaani kundi mojawapo la askari weupe wa kinga ya mwili. Seli moja inaharibika, inaanza kujitoa nakala, nakala zinajaa kwenye damu, kwenye uboho, kwenye tezi na bandama. Kwa Ulaya na Marekani ndo lukemia inayoongoza kwa watu wazima na mara nyingi inamkuta mtu akiwa na miaka 70 hivi. Ili iitwe CLL hizo seli B za nakala lazima zifike elfu 5 kwenye kila maikrolita ya damu na zikae hivyo angalau miezi 3. Zikiwa chini ya hapo na mtu hana tezi zilizovimba wala dalili yoyote wanaiita MBL, ambayo seli zake ni zilezile tu ila chache, na wengi wenye nayo wanaishi, wanazeeka, wanakufa na mambo yao mengine bila kuijua. Mjomba mwenyewe alijua kwa bahati. Alienda kuchukuliwa vipimo kabla ya operesheni ya ngiri, wakampima FBP ya kawaida, yaani kile kipimo cha kuhesabu seli zote za damu, daktari akaona namba haieleweki, wakarudia, wakarudia tena, ngiri ikasahaulika kwa muda.

Halafu akaambiwa una kansa ya damu, nenda nyumbani.

Hapa ndo familia nzima ilipochanganyikiwa. Kwetu sisi ukiambiwa una kansa halafu daktari hakupi dawa, tafsiri ni moja, kwamba imeshindikana, wamekurudisha ukafie kwako. Shangazi mmoja alianza kuuliza habari za sanda, nisiseme uongo. Kumbe kwa CLL kusubiri na kuangalia ndo utaratibu wenyewe, na haukuja kwa uvivu. Wafaransa walilipima hili jambo kwa wagonjwa mamia kwa mamia walio kwenye hatua ya mwanzo, nusu wakapewa klorambusili mapema, nusu wakaachwa wakichunguzwa tu, matokeo yakachapishwa 1998, na waliomeza dawa mapema hawakuishi zaidi ya walioachwa. Katika walioachwa, karibu nusu hawakuhitaji matibabu hata baada ya kufuatiliwa kwa miaka zaidi ya 11. Lakini 27% ya wale wa hatua ya mwanzo walikufa kwa sababu zinazohusiana na ugonjwa huohuo, hii nayo niiseme, nisije nikaonekana nasema CLL ni mafua. Baadaye Wajerumani wakajaribu tena na dawa mpya, ibrutinibu, kwa watu wa hatua ya mwanzo, ugonjwa ukachelewa kusogea lakini maisha hayakurefuka kuwazidi waliopewa vidonge vitupu.

Kwahiyo daktari anakaa na wewe anasubiri vitu fulani. Seli kuongezeka mara mbili ndani ya miezi isiyofika 6, hemoglobini kushuka chini ya 10, chembe sahani (zile za kugandisha damu) chini ya laki moja, bandama kuvimba mpaka inashuka sentimita 6 chini ya mbavu, kukonda asilimia 10 ndani ya nusu mwaka, jasho la usiku la kulowesha shuka mwezi mzima. Namba ya WBC peke yake, hata ikisoma elfu 41, hata ikisoma elfu 90, sio sababu ya kuanza dawa. Mtu anaweza kutembea na elfu 90 anacheza bao kibarazani, na mwingine ana elfu 25 yuko hoi.

Ukishalielewa hilo, ile sentensi ya "hajameza dawa yoyote ya hospitali" inapoteza nguvu yake yote. Hajameza kwa sababu hakupewa, na hakupewa kwa sababu hakuhitaji. Alikuwa ndani ya matibabu siku zote, matibabu yenyewe ndo hayo ya kuangaliwa kila baada ya miezi mitatu minne.

Sasa tuje kwenye kushuka kwenyewe. Makadirio yanayotajwa ni kwamba kwenye CLL hutokea kwa mtu 1 au 2 katika kila 100. Kwa kansa hicho ni kiwango kikubwa kwelikweli, maana ukiangalia kansa zote kwa ujumla, Everson na Cole wale wapasuaji wa Marekani walipokusanya ripoti za toka 1900 mpaka 1960 dunia nzima walikubali visa 176 tu kwenye kitabu chao cha 1966. CLL ni mojawapo ya zile chache ambazo daktari wa damu akikaa kazini miaka mingi ataliona jambo hili kwa macho yake.

Na anayeshuka ni nani? Hapa ndo kuna uhondo wote, na ndo sehemu ambayo haimo kwenye voisi ya mama mdogo. Watafiti wa Roma walieleza wagonjwa 9 wa namna hii kwenye jarida la Blood mwaka 2009, na mwaka 2020 kundi lililohusisha taasisi ya kansa ya Dana-Farber ya Boston likaja na uchunguzi mpana zaidi, wakachimba mpaka kwenye jeni za seli zenyewe. Picha inayotoka inafanana. Waliorudi nyuma wenyewe ni watu ambao seli zao zilikuwa za kizembe toka mwanzo, zinajizalisha polepole, na jeni yao inayoitwa IGHV imebadilika. Hiyo IGHV ndo inayosaidia kutengeneza kingamwili, seli B ikishapita shule ya kinga inatoka na jeni hiyo imebadilikabadilika, na kansa ikianzia kwenye seli iliyokwishapita shule inakuwa na adabu kidogo kuliko ile iliyoanzia kwa ambayo haijapita. Tofauti sio ndogo hata kidogo. Marehemu Terry Hamblin, daktari wa damu wa Uingereza, na wenzake wa Bournemouth walionyesha mwaka 1999 kwamba kwa wagonjwa wa hatua ya mwanzo, wenye IGHV iliyobadilika kati yao waliishi miezi 293 na ambao haijabadilika miezi 95. Miaka 24 dhidi ya miaka 8, na wote kwenye cheti wameandikiwa CLL, wote wanakaa benchi moja la kliniki.

Sasa unganisha. Yule ambaye ugonjwa unamrudia nyuma bila dawa ni yuleyule ambaye hata usingerudi nyuma pengine angeishi nao mpaka uzeeni. Na yule ambaye angehitaji muujiza, mwenye seli zinazokimbia na IGHV ambayo haijabadilika, ndo hatumwoni kwenye hizi hadithi. Ushuhuda unatoka kwa aliyekuwa na uhitaji mdogo kuliko wote, unapelekwa kwa mwenye uhitaji mkubwa kuliko wote. Mi nikiona mtu anaposti "fulani alipona bila dawa" swali langu la kwanza siku hizi ni moja tu, huyo fulani alikuwa anahitaji dawa?

Halafu neno "alipona" nalo. Ukimpima mtu wa hivi kwa mashine ya flo saitometri, ambayo inachambua seli mojamoja, kawaida bado unazikuta zile nakala, chache, zimejikunyata, yaani karudi kutoka CLL kwenda kwenye hali kama ile ya MBL. Ni jambo zuri mno, nani hataki, ila ni kurudi hatua nyuma kwenye barabara ileile.

Inawezekanaje kansa irudi nyuma? Mimi nilikuwa naelewa vibaya, na kumbe wataalamu nao zamani walikuwa wanaelewa hivyohivyo, kwamba CLL ni kama basi ambalo abiria wanapanda tu hakuna anayeshuka, seli hazifi, zinajilundika. Mwaka 2005 timu moja ya New York ilichapisha utafiti ambao wagonjwa 19 walinyweshwa maji mazito, maji ya kawaida kabisa ila haidrojeni yake ni ile nzito, ambayo inaingia kwenye kila seli inayozaliwa kwahiyo unaweza kuhesabu seli mpya. Wakakuta kila siku zinazaliwa kati ya 0.1% na zaidi ya 1% ya seli zote za ugonjwa. Mwenye seli trilioni moja, hata akiwa wa kiwango cha chini kabisa, anazaa seli bilioni moja kila siku iendayo kwa Mungu. Na kama namba yake haipandi maana yake bilioni moja zinakufa pia. Ni daladala la Mbagala saa kumi na mbili asubuhi, ukilitazama kwa nje limejaa vilevile kila kituo unadhani hakuna anayeshuka, kumbe watu wanashuka na kupanda muda wote. Kwahiyo kushuka kwa ugonjwa hakuhitaji muujiza wa kuziteketeza zote, inatosha wapandaji wapungue kidogo au washukaji waongezeke kidogo, halafu uipe miezi.

Nini kinachosababisha hicho kidogo? Nirudi kwa mjomba. Wiki kadhaa kabla ya kile kipimo cha elfu 19 mjomba alipata mkanda wa jeshi, tena mbaya, mgongo mzima mpaka ubavuni, hakulala siku tisa. Wenye CLL wanaupata sana maana kinga yao imechoka. Kwenye grupu la familia hakuna hata mtu mmoja aliyeutaja mkanda wa jeshi. Habat soda imetajwa mara arobaini.

Ningetaka ubishi ningesema ni mkanda wa jeshi uliomshusha, na ningekuwa na mashahidi wazito kuliko wa mama mdogo. Maana maambukizi kutangulia kansa kurudi nyuma ni hadithi ya zamani, na ukurasa wake mmoja umeandikwa hapa jirani. Kampala. Denis Burkitt, yule daktari mpasuaji wa Mulago aliyeueleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto ambao leo unabeba jina lake, mwaka 1967 yeye na Sebastian Kyalwazi, daktari mpasuaji Mganda, waliandika kuhusu wagonjwa ambao uvimbe huo ulirudi nyuma wenyewe. Halafu mwaka 1971 Bluming na Ziegler, nao wa hukohuko Kampala, wakachapisha kwenye Lancet kisa cha mtoto wa miaka 8 mwenye uvimbe wa Burkitt kwenye jicho, kabla hajaanzishiwa dawa akashikwa na surua, na surua ilivyokuwa inamchanua ngozi uvimbe ukawa unanywea. Ukiziona zile picha mbili, kabla na baada, unakaa kimya. Mwaka 1978 Wamarekani wakaripoti mgonjwa wa CLL aliyerudi nyuma baada ya chanjo ya ndui. Mwaka 2021 Waingereza wakaripoti mzee wa miaka 61 mwenye limfoma ya Hodgkin, ambayo ni kansa ya tezi, korona ikamlaza, alipopona korona tezi zake nazo zikawa zimesinyaa. Nadharia ni kwamba kinga ikiamshwa na adui mmoja inapita na wengine waliokuwa wamejificha, au kirusi chenyewe kinapenda kuingia kwenye hizo seli. Na haikuishia kwenye nadharia, mwaka 2014 hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani walitangaza wagonjwa wawili wa mayeloma, kansa nyingine ya damu, waliochomwa dozi kubwa ajabu ya kirusi cha surua kilichofanyiwa ufundi, mmoja wao ugonjwa ukapotea.

Lakini ngoja. Nikisema mkanda wa jeshi ndo uliomshusha mjomba nitakuwa nimefanya kosa lilelile la mama mdogo kwa lugha ya kisomi zaidi. Wagonjwa wangapi wa CLL wamepata mkanda wa jeshi na hakuna kilichoshuka? Maelfu. Wangapi wamepata korona na wamekufa? Wengi mno, maana CLL ilikuwa mojawapo ya hali mbaya za kukutana nazo na korona. Daktari William Coley wa New York toka 1891 alikuwa anawachoma wagonjwa wa kansa bakteria makusudi kwa sababu aliona mgonjwa mmoja kapona baada ya kuugua ngozi, kuna waliopata nafuu na kuna aliowaua. Maambukizi nayo ni jirani tu aliyekuwepo kwenye tukio. Ni jirani mwenye sababu nzuri ya kushukiwa, ila bado ni jirani.

Na hesabu yenyewe ni nyepesi, hata isiyo ya darasani. Chukua wagonjwa elfu moja wa CLL. Kama 1 au 2 katika 100 wanarudi nyuma wenyewe, hapo una watu 10 mpaka 20 watakaoshuka hata wakikaa wanatazama ukuta. Sasa niambie, katika watu elfu moja walioambiwa wana kansa na hawakupewa dawa, wangapi watakaa bila kunywa chochote? Mmoja atakunywa mlonge, mwingine habat soda, mwingine maji ya mbegu za papai, mwingine juisi ya mstafeli, mwingine kaombewa. Wale 10 mpaka 20 wakishuka kila mmoja atakuwa na jina la dawa mdomoni, na wote watakuwa wanasema kweli, hakuna hata mmoja muongo. Wale 980 na zaidi waliokunywa vitu vilevile na wasishuke hawarekodi voisi. Atasema nini?

Simaanishi kwamba ushuhuda wa mtu utupwe jalalani. Hapa nawalaumu hata baadhi ya wataalamu, mgonjwa akitaja majani tu, wanakunja uso, mazungumzo yamekwisha, mgonjwa anarudi nyumbani na anaendelea kunywa ila safari ijayo hasemi. Mfano wa heshima upo, na ni wa CLL hiihii. Mwaka 2006 pale Mayo Clinic madaktari waliona wagonjwa wao wanne wa kansa za aina hii wameanza wenyewe kumeza dondoo ya chai ya kijani, hawakuambiwa na mtu, wameokota mtandaoni, na wanaonekana kupata nafuu. Hawakucheka wala hawakutangaza. Waliandika visa vile vinne, halafu wakatengeneza jaribio, wakapima dozi kwanza, halafu wakaja na awamu ya 2, wagonjwa 42 wa CLL, dondoo yenye miligramu 2000 za kiini chake kikuu mara mbili kwa siku, matokeo yakatoka 2013. Asilimia 31 limfosaiti zao zilishuka kwa angalau moja ya tano na zikabaki hivyo kwa muda. Kwa waliokuwa na tezi za kushikika, 69% tezi zilipungua kwa nusu au zaidi.

Ukisikia hivyo unataka kukimbilia dukani, lakini soma tena. Hakuna aliyepona. Kushuka kwa moja ya tano ni kidogo. Kundi la kulinganisha halikuwepo, kwahiyo hujui ni wangapi wangeshuka vilevile bila chai. Na dozi ile sio kikombe cha jioni, baadhi ya watu walipata kichefuchefu na ini likalalamika. Miaka imepita na chai ya kijani haijawa dawa ya CLL. Ila angalia walivyotembea, kutoka hadithi ya watu wanne mpaka namba za watu 42, na wakasema kilichopatikana bila kukitia chumvi. Habat soda ya mjomba ingepewa heshima hiyohiyo mi ningekuwa wa kwanza kupiga makofi. Tunachoipa sisi ni fowadi.

Kuna jambo lingine la kiufundi nilipitie upesi. Ile WBC tunayoishangilia yenyewe ina vituko. Homa inaipandisha, homa ikiisha inashuka, na mtu huwa anapimwa zaidi akiwa mgonjwa kwahiyo kipimo kinachofuata mara nyingi kitaonekana "kimeshuka". Kwa dawa kama ibrutinibu wiki za mwanzo seli zinafukuzwa kutoka kwenye tezi zinamwagika kwenye damu, WBC inapaa juu wakati mgonjwa anapata nafuu. Ukisoma namba moja bila kushika tezi, bila kupapasa bandama, bila kuangalia hemoglobini, umesoma ukurasa mmoja katikati ya kitabu.

Sasa nieleze kwanini nimeandika yote haya badala ya kunyamaza na kumfurahia mjomba wangu, maana mama mdogo ameshaninunia na anasema nina kijicho.

Wiki mbili baada ya ile voisi kusambaa, jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alinifuata kibarazani jioni. "Mwanangu, wewe unasomasoma, hebu nisikilizie hii." Akaweka simu mezani. Voisi ya mama mdogo. Binti yake ana miaka 31 na ana kansa ya damu, anameza kidonge kila siku mwaka wa tatu sasa, vinamvimbisha macho na misuli inambana usiku, na binti kaisikia hii voisi anataka kuacha ahamie habat soda. Nikamuuliza, mama, cheti chake kimeandikwa CLL au CML? Akasema sijui mwanangu, imeandikwa ya damu, sugu.

Ilikuwa CML. Herufi moja tu katikati.

CML inaitwa lukemia sugu pia, na undugu unaishia karibu na hapo. Hii chanzo chake kinajulikana mpaka mtaa, kromosomu ya 9 na ya 22 zinabadilishana vipande, inazaliwa ile kromosomu ya Philadelphia iliyoonwa 1960, na Janet Rowley wa Chicago akaeleza 1973 kwamba ni mabadilishano, jeni inayotokea pale, BCR-ABL, ni swichi iliyokwama imewashwa. Kabla ya dawa za siku hizi mtu alikaa kwenye hali ya utulivu miaka 3 mpaka 5 hivi halafu inalipuka kuwa lukemia kali, na hapo habari imekwisha. Hii haina hiyo 1 au 2 katika 100, visa vya kurudi nyuma yenyewe ni vya kuhesabu kwa vidole. Tena ina mtego wake, kuna wachache ambao WBC yao inacheza kama bahari, inajaa inakupwa kila baada ya wiki kadhaa, mtu akianza majani siku ya bamvua, maji yakianza kukupwa ataapa kwa yote kwamba ni majani.

Na dawa ipo, ndo kinachoniuma. Imatinibu, iliruhusiwa Marekani 2001, inaizima ileile swichi, na anayeimeza vizuri leo anategemea kuishi karibu sawa na mtu asiyeumwa. Kenya na Tanzania wagonjwa wengi wameipata bure kupitia mpango wa msaada wa GIPAP wa kampuni inayoitengeneza na shirika la Max Foundation. Kidonge ambacho thamani yake ukiambiwa unakaa chini, mtu anapewa bure, anakiacha kwa ajili ya voisi.

Kuna kuacha kunakokubalika, nikamweleza yule mama, ili asije akasikia mahali akadhani nimemficha. Wafaransa waliwaachisha imatinibu wagonjwa 100 wa CML, wakachapisha 2010, lakini walikuwa watu ambao kipimo cha jeni hakioni kitu kwa angalau miaka 2 mfululizo, halafu baada ya kuacha wakawa wanapimwa mara kwa mara. Asilimia 40 hivi walikaa salama bila dawa. Waliobaki ugonjwa ulirudi, wengi ndani ya miezi 6, na kwa kuwa walikuwa wanapimwa wakarudishiwa kidonge mapema ukatulia tena. Hiyo ni kuacha baada ya dawa kufanya kazi yake na mtu anakushikia taa. Binti wa watu alikuwa anataka kuacha gizani.

Na kuna kinaya kimoja hapa ambacho kimenikaa kichwani. CLL kwetu sio kubwa kama ilivyo kule. Watafiti wa Uingereza na Uganda walilinganisha damu za watu wa hospitali za kule na wanakijiji wa Uganda, wakachapisha 2017, na ile MBL ya aina ya CLL ikaonekana adimu sana Uganda ukilinganisha na Uingereza. Wagonjwa wa CML wa Afrika nao wanaugua wakiwa vijana kuliko wa Ulaya. Kwahiyo hadithi inazaliwa kule, kwa mzee wa Leicester mwenye ugonjwa wa kizembe, inasafiri kwa simu, na inapotua huku kuna uwezekano mzuri imetua kwenye sikio la kijana mwenye ule mwingine. Kiswahili nacho kinasaidia kuchanganya, sisi zote tunaziita kansa ya damu basi, kama vile mtu aseme anaumwa tumbo.

Lawama sio za mama mdogo peke yake. Aliyemwambia mjomba "una kansa, nenda nyumbani" ndani ya dakika kumi alitakiwa ampe dakika nyingine kumi, amwambie aina yake, amwambie IGHV yake imesomaje, amwambie kwamba kuna uwezekano mdogo itashuka yenyewe na ikishuka asishangae. Angeambiwa hivyo siku ile, elfu 19 ingekuja kama mgeni aliyepiga simu kabla. Mjomba mwenyewe mpaka leo IGHV yake haijui. Nimemwambia aulize, amesema ataona.

Yule binti anaendelea na kidonge, kwa sasa. Mama yake ndo anamhesabia vikiwa kwenye chupa.

Mjomba alirudi kliniki mwezi wa nane. Habat soda hajaacha hata siku moja, anasema imemkaa vizuri tu tumboni. WBC imesoma elfu 26. Daktari kamwambia hakuna shida, tuonane baada ya miezi minne. Karatasi alinitumia mimi peke yangu, kwenye grupu siku ile walikuwa wanajadili michango ya harusi.